Ukoo wa Muheza: ua la Shangazi

Shangazi Atlanta: Asalaam aleykum ukoo mzima. Leo nimepokelewa kwenye chama cha wapenda maua hapa mtaani. Ua wanalopanda ni moja tu, na asili yake kwetu Usambara!

Dada Tanga: Waaleykum salaam. Shikamoo shangazi. Ua gani hilo?

Shangazi Atlanta: Marahaba mwanangu. Lile dogo la zambarau, majani yana manyoya, linaota kwenye mawe yenye kivuli. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapo Tanga, ndiye aliyelipeleka kwao. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia kwa jina lake.

Baba Mdogo Amani: Nalijua! Liko kwenye miamba ya mtoni, tunalipita kila siku.

Shangazi Atlanta: Wajerumani mpaka leo wanaliita urujuani wa Usambara. Huku Marekani wamelipa jina la Afrika nzima, "African violet", Usambara haitajwi. Leo nimeitaja mbele ya wote, nikawaonyesha Tanga kwenye ramani.

Kaka Dar: Chama kizima kwa ua moja? Kinafanya nini?

Shangazi Atlanta: Chama cha taifa kilizaliwa hapahapa Atlanta mwaka 1946, kwenye maonyesho ya maua. Wanafundishana kulitunza, wanashindanisha, na aina mpya huandikishwa kwao, majina yasigongane. Sisi wa mtaani ni tawi. Hakuna mtaalamu: kuna mstaafu wa posta, dereva wa basi, na mimi muuguzi. Mama mmoja kanipa jani na kikonyo chake. Unalichomeka kwenye udongo mwepesi, unasubiri wiki kadhaa, vichipukizi vinatoka chini. Ila maji ya baridi yasiguse majani, yanaacha madoa.

Dada Tanga: Kama bibi na asumini yake. Mgeni haondoki bila kijiti cha kwenda kupanda.

Shangazi Atlanta: Nilimkumbuka yeye hasa. Machozi yalinitoka palepale.

Baba Mdogo Amani: Dada, nikung'olee moja Jumapili?

Shangazi Atlanta: Hapana mdogo wangu, tafadhali. Porini haliko popote duniani ila Tanzania na kipande cha Kenya. Miti ikikatwa kivuli kinaondoka, nalo linakauka. Nipigie picha tu, mwamba wake uonekane. Chamani tunakutana tena Alhamisi.

Baba Mdogo Amani: Sawa dada. Nitakwenda na wanangu asubuhi, nao walijue.