Naomba ushauri: bia ya pipa inatoka povu tupu

Ndugu wanachama, salaam. Ninaendesha baa ndogo ya mtaani inayouza bia za watengenezaji wadogo pamoja na vyakula vya moto vya kushibisha. Kila jioni glasi mbili za kwanza hujaa povu hadi nusu, kisha bia hutulia, na inaniuma sana kumwaga kinywaji ambacho mtu amekitengeneza kwa uangalifu. Pipa liko kwenye nyuzijoto 3 za Selsiasi, ila mrija wa mita 4 unaokwenda kwenye bomba unapita karibu na jiko. Nimeusafisha, nimebadilisha mpira wa kiungio, na nilipopunguza shinikizo la gesi povu likazidi. Je, kuuzungushia mrija kizuia joto kutatosha, au lazima upozwe hadi bombani? Na shinikizo nilirudishe lilipokuwa?