Nimealikwa ibada ya mwezi mpevu, nitegemee nini?

BintiPangani:
Wapendwa, salaam. Nipo Sheffield, Uingereza, natunza wazee. Mwenzangu wa zamu ni mfuasi wa Wicca, upagani wa huku, na kila mwezi ukipevuka hukutana na wenzake. Amenialika Jumamosi ya tarehe 26 Septemba, ndio mwezi wanaouita wa mavuno. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye aliyenishikia zamu bila kuombwa, kwa hiyo mwaliko wake nauheshimu. Lakini sitaki kwenda kichwa kichwa. Wanafanya nini hasa? Na mbona anasema mwaka huu, 2026, ipo miezi mipevu 13?

ShangaziLeeds:
Pole kwa msiba, mwanangu. Mume wangu ni mpagani, mimi ni Mlutheri, na baridi ya usiku huo naijua.

Wakishakusanyika wanachora duara. Kuhani wa kike anazunguka kufuata mwendo wa jua, mkononi ana kisu cha mpini mweusi, wanakiita athame. Hakikati hata kitunguu, kazi yake ni hiyo ya kuchora hewani. Kisha wanazigeukia pande nne: mashariki ni hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Ndipo wanamwita mungu wa kike. Wanaofuata njia ya Gerald Gardner, Mwingereza aliyeieneza Wicca, wana tendo la kuushusha mwezi: kuhani wa kike anasimama, wa kiume anapiga goti mbele yake, na atakachotamka yule mama kinasikilizwa kama kimetoka kwa mungu mwenyewe. Maneno mengi ya tendo hilo yalitungwa na Doreen Valiente, kuhani wa kike aliyefanya kazi na Gardner, katika miaka ya 1950. Wanaombea wagonjwa, wenye kutafuta kazi, wenye huzuni. Mwisho mikate na mvinyo vinabarikiwa, na sehemu inarudishwa ardhini. Kwa sisi tuliokulia kwenye matambiko, hilo halihitaji maelezo.

Shetani hayumo kabisa katika imani yao, usibabaishwe na mtu.

Ila muulize mambo mawili. Je, ni ibada ya wazi? Vikundi vyenye viapo kwa kawaida havipokei mgeni. Na mavazi je? Wapo wanaosali uchi, na hilo ulijue ukiwa nyumbani, si ukifika.

Mume wangu husali peke yake. Anaweka bakuli la maji dirishani, anangoja hadi mwezi uonekane humo. Septemba anakata tofaa kwa upana, unaiona nyota ya pembe tano pale kwenye mbegu. Nusu anakula, nusu anaipeleka bustanini.

NahodhaMstaafu:
Hiyo 13 ni hesabu tu. Mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu, mara 12 ni siku 354, mwaka wa jua unabakiwa na siku 11, na humo miaka mingine mwezi mpevu wa 13 hupata nafasi. Siku hizo hizo 11 ndizo zinazoifanya Ramadhani iwahi kila mwaka. Mwaka huu Mei peke yake ina miwili, tarehe 1 na 31.

Wa mavuno nao una sababu yake. Kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku. Huko kaskazini, karibu na Septemba 23, uchelewaji unashuka chini ya nusu saa, hivyo jioni kadhaa mfululizo jua likizama tu mwanga upo, na mkulima anaendelea kuvuna. Pangani tofauti hiyo huioni.

AbuSalma:
Mimi nisingeingia kwenye ibada yao. Sisi mwezi ukipevuka tunafunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, inatosha. Mkaribishe kwako chakula, wema wake utakuwa umelipwa.

BintiPangani:
Ahsanteni sana. Nimemuuliza: ni ya wazi, na kila mtu anavaa koti lake. AbuSalma, nimekuelewa, ndiyo maana nitakaa nje ya duara na kula nao baadaye, naye amekubali. Shangazi, vitumbua vinafaa, au lazima mkate?

ShangaziLeeds:
Vinafaa. Peleka vingi.