Kijana wangu wa miaka miwili anataka kufanya kila kitu mwenyewe: nimwachie mpaka wapi?

Mama Kijana, Jinja

Wazazi wenzangu, habari za huko mliko. Mimi niko Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Kijana wangu ametimiza miaka miwili juzi juzi, na tangu hapo hataki kushikwa mkono kwa jambo lolote. Nikimvika shati analivua alivae upya, hata kichwa kikitokea kwenye mkono. Kandambili anazigeuza, ya kulia kushoto, na ukimrekebishia anazivua zote aanze tena.

Anachopenda kuliko vyote ni maji. Nilimnunulia jerikeni dogo la njano, la lita 3. Asubuhi tukienda bombani anapanga foleni na watu wazima, na foleni ikisogea naye analisukuma lake kwa mguu kama anavyowaona wenzake. Namtilia maji kidogo tu, yakizidi hapo halinyanyuki. Analibeba kwa mikono miwili, tumbo mbele, anatua, anapumzika, anabeba tena. Mtu akimpokea anamwaga yote na kurudi bombani. Tukifika nyumbani anamimina mwenyewe kwenye beseni, halafu ananigeukia kuhakikisha nimeona. Wallahi, sura anayokuwa nayo pale siibadilishi na kitu chochote.

Halafu kuna mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Tukikaa kuchambua, anaokota kasamaki kamoja, anakatazama macho, ndipo anakaweka kwenye bakuli. Mimi namaliza sinia nzima yeye bado yuko na hako. Na jioni lazima twende kuwasalimia kalooli, wale korongo wakubwa wa pale jalalani. Anawaita "babu", nadhani kwa ajili ya vile vipara.

Nayafurahia haya yote, sitaki yaishe. Shida yangu ni mbili. Asubuhi natakiwa kufungua kibanda changu cha chapati mapema, na yeye hana haraka na mtu. Pili, sasa anataka sigiri, jiko letu la mkaa. Anataka kupepea moto, kutia mkaa, kugeuza sufuria. Nikimkataza anajitupa chini analia mpaka majirani wanatoka. Sitaki kumvunja moyo, wala sitaki aungue. Wengine wananishauri nimpeleke bebi klasi, darasa la kwanza la chekechea, mapema atulie. Ninyi mmefanyaje?

Nalongo wa Iganga

Dada, hongera, huyo mtoto yuko sawasawa. Wangu walikuwa wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo naelewa.

Asubuhi usimwachie yote. Mchagulie jambo moja liwe lake, tuseme kandambili, na mengine ufanye wewe bila mjadala. Shati mwonyeshe mawili, achague moja, kuvisha uvishe wewe. Akishachagua huwa hapigani sana. Yale ya kuchukua muda, kama maji, yasogeze jioni ukiwa umefunga kibanda.

Kuhusu sigiri, mpe kazi ya moto kabla moto haujawaka. Wangu walikuwa wakitoa mkaa kwenye gunia, kipande kimoja kimoja, wanapanga ndani ya sigiri iliyopoa. Wanakuwa weusi mpaka masikioni, basi weka shati la kazi hiyo. Nikishawasha, nachora mstari wa majivu kuzunguka sigiri, ndani ni kwangu tu. Walikuwa wanasimama vidole vimegusa mstari kabisa, lakini hawavuki. Siku za mwanzo utaurudisha mguu mara nyingi, usichoke, na usiondoke hapo hata dakika.

Baba wa Busia

Mimi mstari wa majivu sijauamini. Mtoto wa miaka miwili akiona mpira umeingia ndani atasahau mstari. Nilijenga meko ya matofali ya kufika kiunoni, sigiri inakaa juu.

Bebi klasi wengi tunawapeleka wakifika miaka mitatu. Huyo kubeba maji, kuchambua na kusubiri foleni anajifunza hapo hapo kwako. Na baba yake yuko wapi kwenye habari hii? Mpe yeye safari ya kalooli.

Nalongo wa Iganga

Baba wa Busia, ya juu nayo ina hatari yake: mtoto anavuta mshikio wa sufuria bila kuona kilichomo ndani. Mshikio ugeuzie ukutani.

Nesi mstaafu, Tororo

Mwanangu Mama Kijana, mwache mtoto afanye kazi, ndivyo mwili na akili vinavyokua. Ila nisikilize kwa haya.

Beseni lile analomiminia, likishatumika limwage au ulifunike. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akitumbukia kichwa chini hawezi kujiinua, na maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha, tena kimya kimya. Mukene sawa, lakini maharage makavu na karanga asichambue bado, anaweza kuvitia puani au vikamkaba kooni.

Akiungua, Mungu apishe mbali, mmiminie maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha umpeleke kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno wala samli. Mafuta ya taa usiyaweke kwenye chupa ya soda, maana yeye sasa anajua kufungua na kunywa mwenyewe. Akiyanywa, usimtapishe, kimbia naye hospitali. Na kwa kuwa anashinda kwenye udongo na maji, siku za afya ya mtoto za Aprili na Oktoba zisikupite, apate vitamini A na dawa ya minyoo.

Mama Kijana, Jinja

Asanteni sana, jamani. Mafuta ya taa nimeshayahamisha, yako juu ya kabati na nimeyafungia. Mkaa tumeanza jana, alipanga vipande mpaka sigiri ikafurika, na nilipowasha alikaa nyuma ya mstari akinielekeza kwa kidole mahali pa kupepea. Baba Busia, mwenzangu anafanya shifti ya usiku kiwandani, ila Jumapili ameahidi kumpeleka kwa babu zake.

Nesi, nikuulize moja. Usiku anataka kuchomekea neti mwenyewe, na upande wa ukutani anauacha wazi. Nikiirekebisha anaichomoa yote.

Nesi mstaafu, Tororo

Mwache achomekee. Akishalala, zunguka godoro lote uichomekee upya, mbu wa malaria huuma usiku. Asubuhi mpe yeye kazi ya kuifunga juu.