Kuwatembeza wageni kwa mashua Kilwa: Kisiwani na Songo Mnara kwa siku moja?

Mwenyeji wa Lindi
Wanajukwaa, salaam. Mwezi Julai nitapokea marafiki watatu kutoka Uingereza, ambao kwao hupenda kukodi boti nyembamba za mifereji na kushinda humo kutwa, wakipanda na kushuka kwa milango ya maji ambayo abiria wenyewe huifungua na kuifunga. Wameniomba niwapangie siku ya namna hiyo huku kwetu. Nakusudia tuondoke Kilwa Masoko alfajiri kwa mashua ya tanga, tuanzie kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kisha kisiwa cha Songo Mnara, tuone magofu yake ya kale, na turudi kabla ya magharibi. Je, inawezekana?

Mtu wa Kivinje
Inawezekana, ndugu yangu, ila usianze na saa, anza na mwezi. Kisiwani ni pua na mdomo na Masoko. Kazi iko Songo Mnara, ambako maji yakipwa chombo hubaki mbali na wageni huteremka kwenye tope la mikoko. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, yaani wakati uleule ambao ungetaka kushuka. Mwaka jana nilimpeleka shemeji yangu siku kama hiyo, tukachelewa Msikiti Mkuu wa Kisiwani kwa sababu alitaka kuhesabu kuba zote, na tulipofika Songo Mnara tope lilimmeza kiatu kimoja. Mpaka leo hajanisamehe. Chagua siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kiasi cha juma moja baada ya mwezi kuandama, maji yanapojaa asubuhi. Tangulia Songo Mnara, Kisiwani umalizie.

Baharia mstaafu
Naafiki, lakini Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Songo Mnara iko kusini mwa Kisiwani, kwa hiyo kwa tanga tupu mtakwenda mkibisha, yaani mkipinda huku na huku dhidi ya upepo, asubuhi nzima na maji yatawaacha. Tafuta mashua yenye mashine, tanga mlitweke wakati wa kurudi, upepo ukiwa nyuma yenu. Hesabu jaketi okozi kabla ya kung'oa nanga, na kibali cha kuingia magofuni kichukueni Masoko siku moja kabla.

Msomaji wa Mtwara
Nilipokuwa masomoni Uingereza nilizipanda boti hizo kule Caen Hill, mjini Devizes, penye vyumba 29 vya milango ya maji, 16 kati yake vikiwa vimepangana kilimani kama ngazi. Boti huingia chumbani, katikati ya milango miwili, maji huachiwa kutoka juu, nayo huinuka taratibu huku abiria wakisubiri kulisukuma boriti la lango kwa makalio. Kwa hiyo wageni wako wamezoea kazi, ila hawajazoea mawimbi. Wapeni kifungua kinywa chepesi, kisha nahodha awaachie wavute jarari, kamba ya kupandishia tanga, na kufua maji yaingiayo chomboni.

Mwenyeji wa Lindi
Ahsanteni sana. Nitafuata mpango wa maji mafu na mashine. Husuni Kubwa, gofu la jumba la kifalme huko Kisiwani, ambayo iko mbali kidogo na magofu mengine, tutaifikia tu iwapo jua litakuwa bado halijaanza kuinama.