Mwalimu wa sauti kwenye shindano la TV: niache wanafunzi wangu?

Tenor_wa_Umoja

Hamjambo wote. Mimi hufundisha kwaya ya kanisa letu hapa Umoja, na jioni nina wanafunzi wangu binafsi, wengi wakijiandaa kwa mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza. Juzi nimepigiwa simu na kampuni inayotayarisha shindano la vipaji la televisheni. Wanataka mwalimu wa sauti wa kukaa na washiriki kuanzia mchujo hadi fainali. Malipo ni ya siku, na lazima niwe huru karibu wiki nzima, kwa hivyo wanafunzi wangu watatafuta mwalimu mwingine. Kuna yeyote hapa aliyeifanya kazi hii? Kuna kufundisha kweli, au ni kupiga kinanda nyuma ya pazia? Na jina langu litaonekana?

Kinanda_Kariakor

Litaonekana mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, watu wakiwa wameshahamia taarifa ya habari. Lakini pesa ni pesa. Chukua.

MamaSolfa

Hongera mwalimu, na pole pia. Nimefanya kazi hiyo misimu kadhaa.

Ujue kwanza kwamba huendi kufundisha kuimba. Pumzi peke yake inakula miezi, wewe unajua. Pale mshiriki anapewa wimbo mwanzo wa wiki, Jumapili yuko hewani. Kazi yako ni kumsikiliza na kuamua haraka: hiki nakirekebisha, hiki nakificha, hiki nakiacha kilivyo. Kijana anavuta pumzi kwa mabega? Ukianza kumgeuza Alhamisi, Jumapili atawaza mabega na kusahau maneno. Mtafutie pa kupumulia, weka alama ya penseli, basi.

Halafu ufunguo, yaani wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani. Hapa ndipo utakapoonyesha umeajiriwa kwa nini. Wimbo wa TV hukatwa ukabaki dakika moja na nusu hivi, mbili ukibahatika: ubeti, kiitikio, pengine daraja (kile kipande cha katikati chenye tuni tofauti), kisha kiitikio cha mwisho ambacho mtayarishaji anataka kipande hadi darini. Mwimbaji atakuambia asubuhi kwamba ile noti ya juu anaifikia. Anaifikia, ndiyo, mara moja. Lakini ataiimba na bendi, ataiimba tena wakipanga kamera, tena kwenye mazoezi ya mwisho yenye mavazi kamili, ndipo aje aiimbe hewani usiku akiwa hajalala na ameongea kutwa nzima kwenye mahojiano. Chagua ufunguo wa usiku huo. Na uuchague kabla bendi haijaandika mpangilio, kwa sababu ukimwendea mkurugenzi wa muziki Ijumaa ukitaka washuke nusu-toni mbili, wapiga tarumbeta watakuchukia, na wana haki.

Nilikuwa na msichana mmoja, sauti ya pili (alto) safi, akapewa wimbo wa soprano, sauti ya juu kabisa, kwa sababu tu mtayarishaji aliupenda. Tulivutana mpaka ukashushwa. Aliimba kiitikio chote kwa sauti ya kifua, ile nzito ya kuongea, bila kukaza shingo. Majaji wakasema amekua sana tangu wiki iliyopita! Nani hukua kwa wiki moja?

Kitakachokusumbua zaidi si kuimba, ni kuongea. Mahojiano, kicheko cha bwenini, kupiga kelele mwenzao akiokolewa asitolewe shindanoni. Na kama mnarekodi Julai, anayetoka Mombasa ataamka koo limekauka kwa baridi yetu. Maji mchana kutwa, mvuke jioni, na lile zoezi la mrija ndani ya glasi ya maji, anaguna huku mapovu yakitoka. Vidonge vya kutia koo ganzi kataa: mtu asiyesikia maumivu ataimba mpaka aumie. Sauti ikikwama, dai daktari wa koo, hata kama ratiba imebana. Anayekulipa ni mtayarishaji, lakini koo ni la mtoto wa mtu.

Kuhusu jina, inategemea mtindo wa kipindi. Tusker Project Fame, lile shindano la kuimba la Afrika Mashariki, ilikuwa ya mtindo wa chuo, kamera zikiingia hadi darasani, ndiyo maana nchi nzima iliwajua walimu wa sauti Kavutha Mwanzia-Asiyo na Hellen Mtawali. Uingereza ilikuwa hivyo hivyo kwa David na Carrie Grant, walipofundisha kwenye Fame Academy ya BBC mwaka 2002. Kwenye mtindo wa jukwaa na majaji huonekani. Hata The Voice, wanaoitwa makocha ni wale nyota waliokalia viti vya kuzunguka. Kuna walimu wengine nyuma wanaowapasha washiriki sauti.

Ukipiga hesabu ya maisha, tazama tarehe. Project Fame ilianza 2006, Valerie Kimani akashinda. Msimu wa mwisho ukawa 2013. East Africa's Got Talent ikarekodiwa hapa Nairobi 2019, msimu mmoja tu, na haikuwa ya waimbaji peke yao. Katikati hapo watu walikula kwa wanafunzi wa mitihani na kwaya za Kenya Music Festival. Usiwaachilie wako. Omba Jumanne iwe yako, uiandikishe.

Fundi_Mitambo

Niongeze la upande wetu. Wazoeshe vile visikizi vya masikioni mapema. Asiyevizoea hujisikia yuko ndani ya pipa, kisha anasukuma sauti na kupanda juu ya ufunguo. Na mwalimu, njoo usimame nami kwenye meza ya sauti wakati wa majaribio. Wengi hukaa na mshiriki jukwaani, hawajui nyumbani kunasikika nini.

Tenor_wa_Umoja

Asante sana mama, asante fundi. Mkataba wameutuma leo. Kuna kipengele kinachonizuia kumfundisha mshiriki yeyote kwa mwaka mmoja baada ya fainali. Tena wanasema watakata kodi.

MamaSolfa

Kodi ni halali: 5% ya zuio, anayoikata anayekulipa kabla hajakupa pesa, kwenye ada za mafunzo zikipita shilingi 24,000 kwa mwezi. Dai cheti chake, utakihitaji ukijaza hesabu zako za KRA, mamlaka ya kodi. Hicho kipengele kingine usikitie sahihi. Wanaotolewa wiki za kwanza ndio watakaokupigia simu mwezi unaofuata wakitaka masomo, na watakuwa na ari kuliko mshindi. Waambie wakifute. Wakikataa, wakulipe huo mwaka.