Mashine ya kutotolesha: ya plastiki ya dukani au sanduku la fundi?

Kuku_Igoma: Wakuu, wiki hii nataka mashine ya kutotolesha vifaranga. Bajeti laki nne. Nimeona za plastiki za mayai 56 zinazogeuza zenyewe, na kuna fundi hapa Igoma anatengeneza sanduku la plaiwudi la mayai 120, la taa. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Kirumba: Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Mayai ni yako au ya kununua? Majogoo wangapi, matetea wangapi? Umeme kwako ukoje?

Mama_Vifaranga: Na ni ya kuku tupu au utachanganya? Jibu hilo kwanza.

Kuku_Igoma: Matetea 22 wa kienyeji, jogoo mmoja. Umeme unakatika ila haukawii kurudi. Nitaweka na ya bata kidogo.

Mzee_wa_Kirumba: Jogoo mmoja kwa matetea 22! Hesabu ni jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10. Ongeza wawili, ngoja wiki mbili ndipo uanze kukusanya. Halafu yai la kutotolesha lisizidi siku 7, ncha kali ikiangalia chini, mahali pa baridi. Kienyeji hawatagi wote kwa pamoja, wengine wanaatamia, wengine wanalea. Ndani ya wiki hutafikisha 120. Hilo sanduku utalijaza na nini? Chukua ya 56.

Fundi_Nyakato: Usimkimbize haraka hivyo. Ya plastiki ikiungua bodi, utazunguka mji mzima kutafuta nyingine kama hiyo. Sanduku kila kifaa chake kinapatikana kwa mafundi redio. Ila muulize huyo fundi mambo matatu. Taa ziwe zile za zamani za waya, siyo LED, maana LED haitoi joto la kutosha. Feni izunguke muda wote hata taa zikizimika. Na kama anatumia kidhibiti joto cha W1209, amekiweka vipi? Kinatoka kiwandani mpangilio wake wa P0 ukiwa C, yaani cha kupoza, na wa P1 ukiwa 2.0, maana yake joto linashuka digrii mbili nzima kabla taa hazijawaka. P0 iwe H, yaani cha kupasha joto, P1 iwe 0.2 au 0.3.

Mama_Vifaranga: Ndugu yangu, bata hawa wa mitaani yai lake ni siku 35, kuku 21. Siku ya 18 mayai ya kuku unaacha kuyageuza na unapandisha unyevu kutoka 50–55% hadi 65–70%. Ya bata wakati huo bado yanataka kugeuzwa. Ukitaka kwa lazima, tanguliza ya bata siku 14 ili yaanguliwe pamoja. Na pima kwanza kama yanaingia kwenye trei, ni makubwa.

Ilemela_Ziwani: Nipinge ya plastiki kidogo. Kuna moja ililetwa kwa fundi hapa Ilemela, kioo kinasoma 37.8 safi kabisa, lakini vifaranga walianza kutoka siku ya 19, vitovu havijafunga, miguu imetanuka pembeni, na wengi wamefia ndani wakiwa wamekamilika. Ilipofunguliwa, waya wa kihisi joto ulikuwa umelegea ukabanwa pale hewa ya nje inapoingia. Kihisi kinapigwa na baridi, mashine inazidi kuwasha, mayai ya katikati yanapata zaidi ya 39. Ingekuwa joto dogo, wangechelewa hadi siku ya 22 au 23. Kwa hiyo usiamini kioo. Chukua kipimajoto cha homa cha dijitali cha duka la dawa, ncha yake iguse yai, linganisha sehemu nne tofauti KABLA ya kupakia mayai yote.

Fundi_Nyakato: Hilo hata kwenye sanduku linatokea.

Ilemela_Ziwani: Linatokea, ndiyo, ila wauzaji hawalisemi.

Kuku_Igoma: Na umeme ukikatika? Nina betri ya bajaji.

Fundi_Nyakato: Ndogo mno. Ya 56 huwa kama wati 80. Betri ya sola ya 12V 100Ah, ukitumia nusu tu ili isife mapema, ni kama wati-saa 600, yaani saa saba hivi hita ikiwaka mfululizo. Kwa kuwa inawaka na kuzima, itafika mbali zaidi. Tafuta mashine yenye tundu la 12V, usipoteze umeme kwenye inveta.

Mzee_wa_Kirumba: Saa mbili tatu bila umeme siyo msiba. Usifungue, funika blanketi, matundu ya hewa yaache wazi, hasa baada ya siku ya 18. Joto kuzidi ndilo linaloua haraka.

Chotara_Buhongwa: Mnajisumbua bure. Anunue vifaranga chotara wa Kuroiler wa siku moja.

Mama_Vifaranga: Na akitaka kizazi cha pili? Mayai ya hao yanatoa vifaranga wasiolingana, huyu mkubwa, yule kadogo. Kila awamu arudi kununua?

Chotara_Buhongwa: Kwa nyama inatosha.

Kuku_Igoma: Nawasikia. Fundi nimempigia, amesema ataweka LED kupunguza bili 😅. Sasa majogoo, nani ana Kuchi wawili, wale wa kienyeji wakubwa, karibu na Buzuruga?

Mzee_wa_Kirumba: Kuchi kwa matetea wadogo? Atawachana migongo. Uzito wao ukoje?