Majongi ya Kimarekani: fungu la kwanza lionyeshwe vipi lisitoe siri ya mkono?

Bi wa Mkunazini

Assalaam aleykum ndugu zangu. Sisi ni wanawake wanne tunaokutana barazani baada ya Isha, na mchezo wetu ni majongi ya Kimarekani, kwa kete 152 zikiwemo jokeri 8 (kete zinazosimama badala ya nyingine), na kadi inayotolewa kila mwaka na National Mah Jongg League, yenye orodha ya mikono inayoshinda. Mmoja wetu ana jicho kali: nikishaita kete iliyotupwa na kuweka wazi fungu langu la kwanza la kete zinazofanana, huitazama kadi kidogo tu akaujua mkono wangu, na tangu hapo hanitupii tena kete ninayoingojea. Ningependa kujua namna ya kuonyesha fungu linaloweza kuwa la mikono miwili au mitatu, ili yeye asijue nielekeako, na mimi nibaki na nafasi ya kugeuza njia.

Mfano ni mkono huu, baada ya kumalizika Charleston, yaani kupeana kete tatu tatu kabla ya mchezo kuanza: doti 6 mbili (kete mbili za vidoti sita), doti 8 mbili, doti 9 mbili, maua mawili, jokeri mbili, kisha doti 3, doti 4 na doti 7 moja moja. Unaelekea sehemu ya kadi ya 2468, unaelekea ile ya 369, na unaelekea pia ile ya nambari zinazofuatana. Mwenzangu akatupa doti 6. Je, inafaa kuiita? Na ikiitwa, ionyeshwe kwa fungu la kete tatu au la kete nne?

Mchezaji wa Kikwajuni

Wa aleykum salaam, Bi. Fungu lililo wazi linasema mambo mawili kwa pamoja: ni kete gani, na ni ngapi. Wengi huliangalia la kwanza tu, ilhali la pili ndilo linalofunga milango mingi zaidi, kwa sababu ukishatupa kete yako baada ya kuita, idadi haibadiliki tena. Fungu la kete tatu halikui kuwa la kete nne hata ukiiokota kete ya nne ukutani. Kwa hivyo kabla ya kuita, pitia kadi ya mwaka huu kwa jicho la mpinzani wako: 6 zikiwa tatu zinaingia katika mikono mingapi, na zikiwa nne zinaingia katika mingapi? Chagua idadi inayokuachia mikono mingi zaidi kati ya ile unayoweza kuifikia kweli. Kadi hubadilika kila mwaka, na jibu lililokuwa sahihi mwaka jana huenda likakupoteza mwaka huu.

Kete nazo hazilingani. Nambari 6 ina uficho mkubwa, kwani inaweza kuwa ya 2468, ya 369, ya nambari zinazofuatana au ya nambari zinazofanana. Nambari 3 nayo haina ubaya, maana inaingia katika 369, 13579, zinazofuatana na zinazofanana. Lakini ukiweka wazi kete nne za upepo wa Kaskazini, mara nyingi umekwisha kuitaja sehemu ya kadi unayoichezea. Maua manne yanasema machache sana, nami huyapenda kwa sababu hiyo. Tena usisahau kwamba fungu lolote lililo wazi linakutoa katika mikono yote inayotakiwa ifichwe hadi mwisho, na mpinzani mwenye jicho kali huifuta mikono hiyo kichwani mwake papo hapo.

Dada wa Mbweni

Naheshimu maelezo ya ndugu wa Kikwajuni, ila naona swali la kwanza liwe kama kuna haja ya kuita hata kidogo. Bi tayari ana doti 6 mbili na jokeri mbili, yaani fungu la kete nne limekamilika mkononi bila ya mtu kujua. Anachokipata kwa kuita ni kuziokoa jokeri zake, na hilo ni jambo kubwa kuliko kuficha. Doti 6 zimo nne tu katika mchezo mzima; hii moja ikipita, imekwenda.

Kwa hivyo mimi ningeiita, nionyeshe tatu zisizo na jokeri ndani yake, mradi kadi ina mikono inayotaka 6 tatu. Jokeri iliyo wazi humfaa kila mtu mezani, kwani yeyote mwenye kete halisi anaweza kuibadilisha zamu yake ikifika. Iliyobaki kibaoni kwangu ni yangu, na inaweza kwenda kwenye 8 au kwenye 9 kadiri mchezo utakavyokuja.

Mchezaji wa Wete

Salamu kutoka Pemba. Mmezungumzia kete zilizo wazi mbele ya mchezaji, lakini zilizotupwa katikati ya meza nazo zinasema. Ni kama katika dhumna, ambapo anayepita kwenye sita amekwisha kuwatangazia wote kuwa sita hana. Ukionyesha doti 6 tatu kisha ukatupa doti 3, njia ya 369 umeifunga mwenyewe mbele za watu. Kati ya kete tatu za pekee alizonazo Bi, ningeanza kuitupa doti 7, kwani inaondoa zinazofuatana lakini inaziacha 2468 na 369 zikiwa hai. Doti 3 na doti 4 zisubiri mpaka njia ijulikane. Na aliyeko kulia kwako anazijua kete tatu ulizompa mwanzo wa Charleston. Kama ulimpa 3 au 9, kwake yeye uficho umeshapungua.

Bi wa Mkunazini

Nawashukuru nyote. Sasa tuseme nimeita, 6 tatu ziko wazi, na mtu akatupa doti 9. Niiite nayo?

Dada wa Mbweni

Hapo ndipo panapohitaji subira, Bi. Ukiita 9, mkono wa 2468 umekufa. Iliyobaki ni 369, au zinazofuatana kama doti 7 hujaitupa, na jicho kali litaona hivyo hivyo. Ukiiacha na kungojea doti 8, ni 369 inayokufa. Fungu la pili ndilo linalokufunga, basi kabla ya kutamka neno angalia jozi zinazotakiwa na mkono unaoutaka. Kete ya jozi haiitwi isipokuwa ndiyo inayomaliza mchezo, wala jokeri haikai katika jozi. Kama mkono wa 369 unaoufikiria unataka jozi ya doti 3, wewe unayo moja tu, na ya pili itabidi uiokote mwenyewe au iwe ndiyo ya mwisho. Kama mkono wa 2468 unataka jozi ya maua, hiyo unayo tayari. Mimi, kwa kete hizo, ningeiacha 9 ipite.